Bwana Afya na Majibu ya Msanzi

Nilikuwa na tegu.

Nimelikana jambo hili kwa miaka mingi: mbele ya mume wangu, mbele ya wenzangu wa kazi, na mara moja mbele ya padri, ingawa padri hakuwa ameniuliza. Tegu, kwa msomaji aliyebahatika, ni ule mnyoo mrefu bapa unaompata mtu anayekula nyama ya nguruwe isiyoiva. Mimi niliupata kwenye banda moja la kitimoto hapa Sumbawanga. Nilikuwa na njaa na haraka, nikamwambia mchomaji, "Lete hivyo hivyo." Kuwa na mnyoo si aibu kubwa. Aibu ni kwamba wakati huo nilikuwa nimeajiriwa na mradi wa utafiti wa mnyoo huo huo, nikizunguka vijijini na daftari kuwaambia watu waivishe nyama.

Nje ya maabara ya mradi, aliyejua ni mtu mmoja tu. Ndiye aliyeniletea vidonge, akavitoa mfukoni vikiwa vimekunjwa kwenye kipande cha gazeti, akasema, "Msomi, meza hivi. Na usiniulize ni vya nini, maana nitakujibu kwa sauti." Sauti yake nilikuwa naijua. Ilizoea kusikika ng'ambo ya bonde. Nikameza.

Alikuwa Bwana Afya wa kata yetu, kule Msanzi. Jina analo, lakini hata Msanzi ni wachache wanaolijua. Mkewe, Mungu amrehemu, alimwita Bwana Afya kama watu wengine wote, na siku akimkasirikia alimwita Serikali.

Kazi yake ilikuwa kukagua. Alikagua vyoo, visima, mabucha, vilabu vya pombe, jikoni za shule na kucha za watoto. Alikuwa mrefu, mwembamba, na mwaka mzima alivaa koti la sufu la kijani, kwa kuwa Ufipa upepo haumwombi mtu ruhusa. Kabla hajafika kwenye mji wa mtu alipiga mluzi, wimbo wa kanisani, ule unaoimbwa wakati wa matoleo. Mluzi ukisikika, akina mama walikimbilia mifagio, vyombo vikapanda kwenye kichanja, kuku wakafukuzwa jikoni. Akifika, alikuta kila kitu kinang'aa na vumbi bado linaelea hewani.

Nilipokuwa mtu mzima, na digrii yangu ikiwa bado mpya, nilimwonea huruma. Nikaona ni wajibu wangu kumfahamisha.

"Mzee, watu wanausikia mluzi wako. Wanafagia kabla hujafika."

"Kwani wewe unadhani napiga mluzi kwa ajili ya nani?"

"Si wanakudanganya?"

"Wamefagia, hawajafagia?"

"Wamefagia."

"Basi. Mimi silipwi kwa kukuta uchafu."

Kabla ya kuja kwetu alikuwa amefanya kazi miaka mingi kule bondeni, Mtowisa, kwenye joto na mpunga na ng'ombe, na kipindupindu kilipoingia huko alikuwepo. Mambo ya wakati ule hakuyasimulia sana. Alisema tu kwamba kule jua linalala na wewe kitanda kimoja. Lakini kuna hadithi moja aliipenda. Alimfungia mama lishe banda lake kwa sababu ya maji machafu. Mama yule akalia, akamtukana, akamwita mchawi wa milimani. Bwana Afya akasubiri amalize, kisha akachukua ndoo, akamsaidia kuteka maji, akakaa jikoni mpaka yakachemka, wakasugua sufuria zote pamoja. Asubuhi alikuwa mteja wa kwanza.

"Jana nimekufungia," alimwambia. "Leo nimekufungulia. Niletee wali."

"Na siku hiyo ulilipa?" niliwahi kumuuliza.

"Nililipa. Ila nyama aliniwekea mifupa mitupu. Alikuwa na haki yake."

Alikuwa na misemo, na misemo yake haikufaa mezani. "Kinyesi hakina cheo" ndio alioupenda zaidi, na aliusema hata kwenye vikao vya parokia. Mwingine ni "Nzi hachagui kigango," kwa wale waliodhani kanisa lao ni safi kuliko la wenzao. Msichana akiletwa kutambulishwa kama mchumba wa mtu, alimuuliza kwa upole kama kwao kuna choo. Mchumba mmoja alirudi kwao akilia. Ndoa ilifungwa hata hivyo, baada ya kaka zake kuchimba choo.

Asidhani mtu kwamba namchora mtakatifu. Alikuwa na jike la nguruwe ambalo halikuwahi kulala bandani hata siku moja, wakati yeye mwenyewe alihubiri kila Jumapili baada ya misa kwamba nguruwe afungiwe. Watu walimshtaki kwake mwenyewe. "Bwana Afya, nguruwe wako yuko kwenye viazi vyangu." Naye akajibu, bila haya, "Mwambie nimeshamkataza." Siku za chanjo alisimama mbele ya zahanati, kifua nje, akiwatia moyo wanaume waoga. Nesi akimgeukia yeye na sindano, alikumbuka kikao. Aliamini pia kwa moyo wote kwamba upepo wa Ufipa unaua vijidudu. Maji yawekwe kwenye upepo, nguo ziwekwe kwenye upepo, mtoto mwenye mafua naye apunge upepo. Hakuna kozi iliyoweza kumtoa hapo, na serikali ilimpeleka kozi nyingi.

Hata hivyo kilabuni hakunywa kama wengine. Kimpumu, pombe yetu ya ulezi, watu huizunguka chunguni wakaivuta kwa mirija, na mrija hupita kutoka mdomo hadi mdomo. Bwana Afya alikuwa na mrija wake mwenyewe. Aliuweka kwenye mfuko wa shati, kama mhasibu anavyoweka kalamu. Mama Oresta, mpika pombe hodari kuliko wote pale kijijini, alimtania kila mara.

"Jamani mpisheni, karani amekuja kusaini!"

"Nasaini, Mama Oresta. Na nikikuta nzi humu ndani, nafunga."

"Ukifunga hapa, wewe utakunywa wapi?"

"Hapo ndipo serikali inaponionea."

Huyu Mama Oresta lazima nimweleze, maana jambo zima limepita mlangoni kwake. Oresta, binti yake, alikuwa na kifafa. Alianza kuanguka akiwa darasa la nne. Watu kwetu waliogopa povu la mgonjwa wa kifafa kuliko walivyoogopa radi. Walisema ukiligusa, au ukinywa kikombe alichonywea, nawe utaanguka. Kwa hiyo Oresta aliacha shule, akawa na sahani yake, kikombe chake, kigoda chake pembeni ya moto. Mama yake ndiye aliyemtengea vitu hivyo, kwa mkono wake, na nadhani kila alipoviosha peke yake moyo ulimuuma.

Mradi ulikuja wakati Bwana Afya amebakiza muda mfupi astaafu. Watafiti walitaka kujua kama tegu ndiye anayeleta kifafa kingi nyanda za juu. Jambo lenyewe si gumu kulieleza. Mtu mwenye tegu anajisaidia porini, nguruwe anakula, nyama yake inaingia vimelea. Mayai ya mnyoo huo yakimfikia mtu mwingine kwa mikono au kwa maji, yanaweza kumpanda mpaka kichwani. Kugundua nani anao kulihitaji choo kikubwa cha kila mtu, kwenye kikopo.

Mimi nilikuwa mkalimani. Tulipita nyumba kwa nyumba jioni, tukagawa vikopo vyeupe vyenye vifuniko, tukaeleza kwa Kiswahili na kwa Kifipa kinachotakiwa ndani. Watu waliitikia kwa heshima. Asubuhi tulipita kukusanya, na Daktari, mama kijana aliyeongoza mradi, akafungua kikopo cha kwanza akakuta maharage. Cha pili, unga wa ulezi. Cha tatu, karanga zilizokaangwa vizuri na chumvi. Kulikuwa na kikopo chenye yai, limefungwa kwa pamba lisivunjike.

"Hawakuelewa," Daktari alisema, akanitazama mimi, mkalimani.

Walielewa vizuri sana. Bibi mmoja aliniambia bila kuzunguka: "Tumekusikia, mjukuu wangu. Lakini mgeni amekuletea chombo chake safi, kina kifuniko. Utamrudishia kitu gani hicho?" Kwetu chombo cha watu hakirudi kitupu, wala hakirudi na aibu. Jirani akikuletea mboga kwenye bakuli, bakuli linarudi na kitu. Hata ukiwa huna, unatia chumvi. Wale watu walikuwa wamekaa na vikopo vyetu usiku kucha wakitafuta kitu cha heshima.

Daktari alikaa kwenye gogo. Tulikula zile karanga, kwa kuwa hapakuwa na jambo lingine la kufanya.

Ndipo Bwana Afya alipofanya kitendo kinachosimuliwa Msanzi mpaka leo. Asubuhi iliyofuata alitoka nyumbani kwake na kikopo chake, chenye kile hasa kilichotakiwa, akakipitisha katikati ya kijiji, akikiinua mbele ya kifua kama mtoa matoleo, huku akipiga ule mluzi. Watoto walimfuata. Wanaume walivua kofia kabla hawajajua wanavulia nini. Alipofika kwenye meza ya mradi alikiweka, akageuka.

"Kinyesi hakina cheo," alisema. "Na hawa vijana wa mradi nao watatoa. Wote. Hata huyu Msomi wetu." Ndiyo siku kikopo changu mwenyewe kiliponichongea. Kisha akasema maneno yaliyomfunga. "Mnaogopa chombo kirudi na aibu. Mimi nawaambia, vyombo hivi wanavichukua vimejaa, na watavirudisha vimejaa. Watarudi na majibu. Kila mtu atajua. Kama hawakurudi, niulizeni mimi."

Mama Oresta alikuwa wa kwanza kwenda nyumbani kuchukua kikopo chake. Alileta viwili, chake na cha binti yake, chini ya kitenge, akaviweka mezani bila kumtazama mtu.

Mradi ulifanya kazi yake. Waliokutwa na tegu waliitwa mmoja mmoja, kwa siri, wakapewa vidonge. Mimi nilikuwa miongoni mwao, na vyangu alitumwa Bwana Afya aniletee, nimeshasema, na sitasema tena. Kisha magari yakaondoka. Na hapa ndipo palipoharibika, ingawa hakuna aliyeharibu kwa makusudi. Aliyeitwa alijua kwamba alikuwa nao. Ambaye hakuitwa hakujua kama hana, au kama kikopo chake kilipotea, au kama ugonjwa wake ni mbaya mno hata wakaona haya kumwambia. Mzee mmoja aliacha nyama kabisa. Mama Oresta hakuitwa, wala binti yake. Oresta aliendelea kuanguka.

Mwanzoni watu walimuuliza Bwana Afya kwa adabu, kama alivyowaambia wamuulize. Baadaye wakauliza kwa utani. Siku moja nilikuwepo kilabuni alipoingia.

"Karibu, Bwana Majibu!" Mama Oresta alimwita. "Leo umekuja na yetu, au umekuja na mrija tu?"

Wanaume walicheka. Bwana Afya naye alicheka, akatoa mrija wake mfukoni, akauangalia, akaurudisha.

"Wanakuja, Mama Oresta."

"Hata mvua husema hivyo. Lakini mvua huja." Halafu akaacha kutania. "Mimi nilikuletea vikopo viwili, baba. Mwanangu bado anakula peke yake."

Hakunywa siku ile, na sidhani kama alikwenda tena kilabuni. Muda si mrefu baada ya kustaafu alihamia hapa mjini, Chanji, kwa binti yake. Alisema ni miguu. Nyumba yake ya Msanzi aliifunga kwa kufuli, shamba akamwachia jirani. Nguruwe aliuzwa, na inasemekana mnunuzi alihangaika sana kumzoesha banda.

Chanji hakuna aliyemwomba akague. Alikagua. Wapangaji wa binti yake walifunzwa kunawa mikono upya, na muuza genge wa pale kona alijengewa kichanja bila kuombwa ushauri. Binti yake alinipigia simu akicheka na kulia kwa pamoja: "Dada, njoo umchukue baba yako, hapa watahama wote." Kwa kuwa ninakaa mtaa wa pili, nikawa napita jioni tunakunywa chai. Alikuwa mchangamfu, alikula vizuri, alibishana na redio. Lakini gari la Matai, lile linalopitia Msanzi, likipita barabarani aliligeukia kila mara, na mtu wa Msanzi akija sokoni yeye alibadilisha njia.

"Mzee," nilimuuliza, "kwa nini usiende tu ukawaambie mradi haukurudi?"

"Hilo wanalijua."

"Basi waseme lawama ni ya mradi."

"Mradi wao hawaujui. Wananijua mimi." Akakoroga chai ambayo sukari yake ilikuwa imeshayeyuka zamani. "Neno langu liko kule, mimi niko huku. Tumeachana kama watu wa ndoa mbaya."

Niliona haya, maana mshahara wa mradi ule ndio ulionunua sofa niliyoikalia nyumbani kwangu nikiandika makala kuhusu uzalendo. Kwa hiyo niliposikia kwamba Daktari anakuja Sumbawanga kwenye kikao cha wadau, nilimwambia Bwana Afya. Sikumwambia aje. Nilimwambia tu saa na ukumbi.

Alikuja na koti lake la kijani, hakuwa na mwaliko, akakaa karibu na sambusa. Daktari alionyesha picha ukutani, grafu za rangi, ramani. Wadau waliandika. Ulipofika wakati wa maswali Bwana Afya alisimama, akatoa mfukoni kikopo cheupe, kitupu, chenye kifuniko. Sijui alikihifadhi wapi miaka yote. Akakiweka mezani mbele ya mgeni rasmi, ambaye alisogeza chai yake.

"Shikamooni wakubwa, marahaba wadogo. Mimi natoka Msanzi. Kwetu chombo hakirudi kitupu. Chenu kilikuja kitupu, tukakijaza, kwa taabu mnazozijua. Nimekuja kuuliza yetu yako wapi."

"Mzee wangu," Daktari alijibu kwa heshima, "majibu tuliyapeleka. Ripoti nzima."

"Mliipeleka wapi?"

"Wilayani."

"Msanzi hakuna mtu anayeitwa Wilayani."

Ukumbi ulicheka, na angekaa pale pale angekuwa ameshinda. Hakukaa. Alipopata watu wanaomsikiliza aliendelea, akapita kipindupindu, akapita Mtowisa, akaingia kwenye upepo unaoua vijidudu, na mwenyekiti akamwambia mara tatu, "Mzee, muda." Alipokaa chini nusu ya wadau walikuwa wameshatoka kwenda kujisaidia, jambo ambalo yeye angeliunga mkono.

Lakini Daktari alimfuata nje. Alikuwa amekasirika kidogo, na nadhani hasira ile haikuwa juu yake. "Mzee, fedha za mradi zimekwisha. Gari nitaomba, mafuta nitatafuta. Lakini yale majibu yako kwa Kiingereza, kurasa na kurasa. Nikiyaleta, nani atayasema yakaeleweka?"

Bwana Afya alininyooshea sambusa. "Huyu."

Tuliyaandika upya barazani kwa binti yake, Chanji. Mimi niliandika, yeye alisikiliza amefumba macho. Rasimu yangu ya kwanza niliipenda. Nilikuwa nimeandika "maambukizi mtambuka baina ya binadamu na mifugo."

"Soma tena hapo."

Nikasoma.

"Mtambuka ni nani?"

"Ni kwamba ugonjwa unavuka, Mzee. Kutoka kwa mtu kwenda kwa nguruwe, na kurudi."

"Sasa kwa nini usiseme hivyo? Au chuo kikuu walikukataza?"

Tukaandika hivyo. Naye alikuwa na ya kwake. Nilipopeleka rasimu kwa Daktari, Mzee alikuwa ameshaninong'onezea nichomeke sentensi juu ya upepo, na mimi kwa udhaifu nikaichomeka. Daktari alipiga simu, akaomba kuongea naye.

"Mzee, huu upepo tumeupima?"

"Mimi nimeupima maisha yangu yote."

"Kwa kipimo gani?"

"Kwa uso."

Sentensi ikatolewa. Alinuna wiki nzima, akawa ananijibu "ndiyo" na "hapana" tu, kama shahidi.

Majibu yenyewe, yalipobaki mifupa, yalikuwa mafupi. Wenye tegu walikuwa wengi kuliko walivyotarajia watafiti, wachache kuliko walivyoogopa wanakijiji. Ambaye hakuitwa alikuwa hana. Kifafa cha baadhi ya watu kinaweza kuwa kimetokana na mayai ya mnyoo huyu, cha wengine hapana, na bila picha ya kichwa, ambayo haipatikani karibu, hakuna wa kuapa kwa mtu mmoja mmoja. Lakini povu haliambukizi, na dawa za kuzuia kuanguka zipo. Bwana Afya alitaka hilo la povu liwe la kwanza. Daktari alitaka liwe la mwisho, ndio mpangilio wa kisayansi. Hapo alishinda Bwana Afya.

Asubuhi ya kwenda, gari la Daktari lilikuja kumchukua Chanji. Nilifika na mkoba wangu, tayari. Alikuwa amenyoa ndevu, koti limepigwa pasi mpaka linang'aa viwikoni.

"Wewe unakwenda wapi?"

"Msanzi. Na nyie."

"Hapana. Ukija utaongea wewe."

"Sitaongea, Mzee."

"Utaeleza. Nakujua. Watu watalala." Akanishika bega, akaniondoa njiani kwa upole. Kisha, akiwa ameshashika mlango wa gari, alinigeukia akasema kwa sauti ndogo ambayo sikuwahi kuisikia kwake. "Wasipokuja mkutanoni?"

"Watakuja."

"Unajuaje?"

Nikafikiri. "Sijui."

"Haya. Kumbe chuo kikuu walikufunza kitu." Akaingia. Gari lilipoondoka niliona kichwa chake dirishani kimenyooka, kinatazama mbele tu.

Nilikaa siku nzima nikijifanya naandika. Nilifua nguo safi. Binti yake alipita kuuliza kama nina habari, akapita tena kuuliza kama nina chumvi. Jua lilikuwa limeanza kuinama simu ilipoita, na kitu cha kwanza kusikika kilikuwa upepo.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba. Huku kuna upepo mzuri sana."

"Mzee, watu walikuja?"

"Viti havikutosha. Nimewaambia serikali ya kijiji viti vile havifai, vina misumari."

"Mzee!"

"Walikuja, Msomi, walikuja." Akavuta pumzi. "Daktari amesoma vizuri. Amesema ambaye hakuitwa hana kitu. Watu wamepiga makofi. Yule mzee aliyeacha nyama amesimama kwa hasira, anasema, 'Kwa hiyo kitimoto nimejinyima miaka yote hii bure?' Daktari amecheka mpaka machozi."

"Na Mama Oresta?"

"Alinyoosha mkono. Akauliza, 'Daktari, kwa hiyo si povu?' Daktari akasema si povu, si mate, si kikombe. Akamuuliza tena. Akajibiwa vile vile. Nesi wa zahanati naye akasimama akasema dawa zipo, na siku zikiisha atasema zimeisha, hatamficha mtu. Basi Oresta alikuwa amekaa kule pembeni na togwa yake. Amekuwa mkubwa, Msomi, ni binti sasa. Mama yake akapita katikati ya watu, akamtoa kile kikombe mkononi, akanywa. Akakimaliza."

"Akasema nini?"

"Mtu anayekunywa atasema nini?"

Nilijifuta uso kwa kanga.

"Na wewe? Wewe wamekuambia nini?"

"Mimi Mama Oresta amenisema mbele ya watu wote. Anasema nyumba yangu imeota majani mpaka mlangoni, ni aibu kwa mtu wa afya. Vijana wamekuja na mafyekeo. Sasa hivi wanamalizia nyuma."

"Mnarudi saa ngapi? Binti yako amepika."

"Gari la Daktari limeshaondoka."

"Limeondoka? Sasa wewe unarudije?"

Nilisikia mtu anamwita kwa mbali, sauti ya mwanamke, naye akaitikia, "Nakuja, nakuja." Kisha akarudi kwenye simu.

"Mwambie binti yangu asiniwekee chakula. Na kesho asubuhi anipakilie godoro langu kwenye gari la Matai."

"Na mablanketi?"

"Godoro tu. Mablanketi wameniletea, yamezidi."